Mtaa unainuka, lakini je, barabara ya nyumba yako?

*"Mtaalamu, salamu. Mimi na mume wangu tumepata nyumba ya zamani kwenye mtaa uliokuwa na sifa mbaya kwa miaka mingi. Sasa unabadilika: viwanda vilivyofungwa vinageuzwa makazi, mikahawa imefunguliwa, na jiji limetangaza kwamba kituo cha treni kitajengwa karibu. Bei ni nafuu, karibu theluthi moja chini ya mitaa tunayoipenda. Dalali anasema baada ya miaka 5 itakuwa imepanda maradufu na tukichelewa tutajuta. Mama yangu ameapa hatakanyaga huko. Ramani ya uhalifu niliyoiona kwenye intaneti inaonyesha eneo lote jekundu. Tuna watoto wawili, wa miaka 6 na 9, na mume wangu anafanya kazi kwa zamu, siku nyingine hurudi saa 5 usiku. Malipo ya awali tuliyonayo ni asilimia 20, na hiyo ndiyo akiba yetu yote. Nyumba imepakwa rangi upya, ila kuna ufa juu ya mlango wa jikoni. Je, hii ni bahati au ni mtego?"*

Dada yangu, nashukuru umeuliza kabla ya kusaini. Wengi huniletea swali kama hili wakiwa wameshalipa amana, na hapo kinachobaki ni kupunguza hasara tu.

Ndani ya swali lako kuna maswali mawili. La kwanza ni kama familia yako itakuwa salama. La pili ni kama fedha zenu zitakuwa salama. Mama yako anajibu la kwanza, dalali anajibu la pili, na kila mmoja anazungumza kana kwamba jibu lake linatosha kwa yote mawili. Halitoshi. Kwa muda mrefu usalama na thamani huelekea kwenda pamoja, lakini katika miaka ya mwanzo, ambayo kwenu ndiyo miaka ya deni kubwa na watoto wadogo, vinaweza kuachana kabisa. Bei inaweza kupanda huku barabara yenu ikibaki na giza lilelile. Vilevile barabara inaweza kuwa tulivu na majirani wema, na bei isisogee kwa miaka kumi. Kwa hiyo nitayajibu kila moja peke yake, kisha niseme ningekushauri nini.

Tuanze na ramani, maana naona ndiyo iliyokunyima usingizi. Ramani za aina hiyo hukusanya matukio ya eneo zima na kulipaka rangi moja, lakini uhalifu hausambai sawasawa namna hiyo. Mtaalamu wa uhalifu David Weisburd na wenzake walichambua kumbukumbu za miaka 14 za jiji la Seattle, Marekani, barabara kwa barabara, na wakaona kwamba takriban nusu ya matukio yote yalitokea kwenye asilimia 5 hivi tu ya vipande vya barabara, yaani kutoka njia panda moja hadi inayofuata. Vipande hivyo vilibaki vilevile kwa kiasi kikubwa mwaka baada ya mwaka. Tafiti za miji mingine zimekuta sura hiyohiyo. Maana yake kwako ni kwamba mtaa wenye sifa mbaya kwa kawaida una kona chache zenye shida ya kweli na barabara nyingi ambako maisha yanaendelea kawaida. Swali la kujiuliza si kama mtaa ni hatari. Jiulize kipande chenu kiko upande gani, na kona yenye shida iko umbali gani kutoka mlangoni kwenu na njia ya watoto kwenda shule.

Rangi nyekundu ina udhaifu mwingine. Viwango vya uhalifu hupatikana kwa kugawa matukio kwa idadi ya wakazi. Eneo lenye stendi, maduka au kumbi za starehe hupokea maelfu ya watu wasiolala pale. Simu zao zinaibwa pale na tukio linahesabiwa pale, lakini wao wenyewe hawahesabiwi. Eneo kama hilo huonekana baya kuliko lilivyo kwa mkazi. Halafu, mtaa unapoanza kubadilika, wakazi wapya huwa wepesi zaidi kupiga simu polisi, kwa hiyo taarifa zinaweza kuongezeka wakati ambapo uhalifu wenyewe haujaongezeka. Na kwenye eneo dogo, matukio yakitoka 4 kwa mwaka kufika 6, mtu ataandika kwamba uhalifu umepanda kwa asilimia 50, na hajasema uongo.

Sikwambii uipuuze ramani. Nakuomba uisome kwa karibu. Kama inaruhusu kuona tukio mojamoja, angalia aina, saa na mahali. Kuvunjwa kwa magari yaliyoegeshwa, uporaji wa watembea kwa miguu usiku, kuvunjwa kwa nyumba mchana watu wakiwa kazini na ugomvi wa ndani ya familia ni mambo manne tofauti, na kila moja linagusa maisha yenu kwa namna yake. Kwenu nyinyi, matukio ya kati ya saa 3 na saa 6 usiku kwenye njia ya kutoka kituoni hadi nyumbani yana uzito kuliko mengine yote, kwa sababu mume wako atapita hapo.

Uliza pia kama nyumba hiyo, au ya jirani wa karibu, imevunjwa miezi ya karibuni. Jambo hili watu wengi hawalijui: nyumba ikishavunjwa, uwezekano wa kuvunjwa tena huongezeka kwa majuma kadhaa yanayofuata, na hatari hiyo huambukiza nyumba zilizo jirani nayo. Mwizi ameshajua njia ya kuingilia na kutokea, na nyumba za safu moja mara nyingi zina milango na madirisha ya aina moja. Baada ya muda hatari hiyo hushuka. Kwa hiyo wizi wa miaka 3 iliyopita hauna maana sawa na wizi wa mwezi uliopita.

Sasa niseme neno kuhusu hofu yenyewe, bila kumkosea heshima mama. Macho yetu hutudanganya kuhusu mitaa ya watu wenye kipato kidogo. Mwaka 2004 watafiti Robert Sampson na Stephen Raudenbush walichapisha utafiti wa jiji la Chicago, Marekani, uliolinganisha fujo iliyoonekana kweli barabarani, kama takataka na maandishi ya ukutani, na fujo ambayo watu walisema wanaiona. Walikuta kwamba rangi na asili ya wakazi wa eneo, pamoja na umaskini wao, viliathiri zaidi hisia za watu kuliko fujo yenyewe. Ukuta uliochakaa na vijana waliokaa kwenye ngazi havikuambii kiasi unachodhani. Kuna mambo mengine madogo yanayosema zaidi.

Nenda ukasimame mbele ya nyumba hiyo kwa saa tofauti: saa 12 asubuhi watu wakitoka, saa 9 alasiri shule zikifungwa, saa 2 usiku, na saa 5 usiku ambayo ni saa ya mume wako. Nenda siku ya kazi na siku ya mapumziko. Angalia kama wanawake wanatembea peke yao gizani bila kukaza mwendo. Angalia ni madirisha mangapi yana taa, kwa sababu nyumba nyingi zenye giza saa 2 usiku maana yake ni nyumba zisizo na watu, hata kama zimekarabatiwa vizuri. Kisha chunguza nondo za madirisha. Zikiwa zimeshika kutu kwenye nyumba zote, ni desturi ya zamani. Zikiwa zinang'aa kwenye nyumba tatu au nne za jirani kwa wakati mmoja, na saruji iliyozishika bado ni ya kijivu kibichi, kuna jambo limetokea hapo hivi karibuni. Gonga mlango uulize. Watu walioishi barabara ile miaka 20 wanajua kona gani iepukwe na kwa nini, na wengi watakueleza kwa moyo mweupe ukienda kama jirani mtarajiwa. Fundi wa kufuli wa eneo hilo naye ana habari nyingi kuliko ramani yoyote.

Kuna dhana moja naomba uiache mapema, kwamba ukuta mrefu na geti la chuma ndiyo dawa. Kufuli nzuri na mlango imara ni muhimu, sibishi. Lakini ukuta mrefu usiopitisha macho humficha pia aliyekwisha kuuruka, na barabara yenye kuta ndefu pande zote haina mtu wa kumwona mtoto wako akipita. Mambo yanayopunguza uhalifu barabarani mara nyingi ni ya kawaida kabisa. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti walichagua kwa kura viwanja vilivyotelekezwa, wakavisafisha, wakapanda nyasi na miti michache na kuweka uzio mfupi wa mbao. Kwenye maeneo maskini, matukio ya matumizi ya bunduki karibu na viwanja hivyo yalipungua kwa asilimia 29. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Huko New York jaribio lililoanza mwaka 2016 liliweka taa kali kwenye makazi ya umma, na uhalifu mkubwa wa nje wakati wa usiku ukapungua kwa asilimia 36. Kwa hiyo hesabu viwanja vilivyoachwa na majengo matupu kwenye kipande chenu, uliza ni vya nani na vina mpango gani, kisha hesabu taa zinazowaka na zile zilizokufa. Kituo cha treni kinaweza kuchelewa miaka kumi. Taa iliyokufa mbele ya geti inakuhusu leo usiku.

Tugeukie fedha. Kwa nini mtaa kama huo hupanda bei? Mwaka 1979 mwanajiografia Neil Smith alieleza jambo hili kwa kutazama pengo kati ya kile ardhi inachoingiza kwa matumizi ya sasa na kile ambacho ingeweza kuingiza kwa matumizi bora zaidi. Mtaa ukitelekezwa, majengo huchakaa na bei hushuka, lakini mahali penyewe, karibu na katikati ya jiji, panabaki na thamani yake. Pengo likipanuka vya kutosha, wenye mitaji huingia. Baadaye, mwaka 2013, wachumi Veronica Guerrieri, Daniel Hartley na Erik Hurst walionyesha kwamba jiji linapopata wimbi la kupanda kwa bei, mitaa ya bei nafuu iliyopakana na mitaa ya matajiri hupanda zaidi kuliko mitaa ya bei nafuu iliyo mbali nayo. Wanunuzi wanaokosa nafasi upande mmoja wa barabara huvuka upande wa pili. Hiki ni kipimo unachoweza kukitumia mwenyewe: chukua ramani ya kawaida, uone nyumba yenu iko barabara ngapi kutoka mtaa ambao tayari una nguvu, na kama kati yenu kuna reli, barabara kuu au mto unaokata njia. Nyumba iliyo barabara ya pili na nyumba iliyo ng'ambo ya reli zinatangazwa kwa jina moja la mtaa, lakini haziko kwenye soko moja.

Dhana ya pili ya kusahihisha ni hii ya dalali, kwamba mtaa ukianza kuinuka haurudi nyuma. Hurudi, na mara nyingi zaidi husimama katikati. Wimbi hilo linalotangulia kuinua mitaa ya bei nafuu ndilo pia huiangusha kwa nguvu zaidi likigeuka. Baada ya mwaka 2008 nchini Marekani, nyumba za bei ya chini katika miji mingi zilipoteza sehemu kubwa zaidi ya thamani kuliko nyumba za bei ya juu. Riba ikipanda, anayejenga makazi kwenye kiwanda cha zamani husimamisha kazi, mkahawa hufungwa, na mtaa hukaa nusu mjengo kwa miaka. Dalali hawezi kukuahidi maradufu. Hakuna anayeweza, na mimi niliyezoea kazi ya kuthamini majengo sithubutu. Yeye analipwa mauzo yakifanyika mwezi huu, si bei ikifika mwaka wa tano.

Kuhusu kituo cha treni, pima ahadi hiyo kwa hatua iliyofikia. Kutangazwa ni hatua moja, bajeti kupitishwa ni nyingine, ardhi kutwaliwa ni nyingine, na mkandarasi kuwa kazini ni nyingine kabisa. Nenda ofisi ya mipango miji ukaombe kuuona mchoro. Una sababu mbili za kufanya hivyo. Kwanza, muuzaji naye amesikia tangazo, kwa hiyo sehemu ya faida ya kituo tayari imo kwenye bei unayotajiwa. Kituo kisipojengwa, wewe ndiye umelipia. Pili, na hili ni zito zaidi, hakikisha kiwanja chenyewe hakiko kwenye eneo litakalotwaliwa au kando ya njia ya reli ambako utaishi na vumbi na mitambo kwa miaka yote ya ujenzi. Mimi hushikilia kanuni moja: lipa bei inayolingana na mtaa ulivyo leo. Kikija kituo, kiwe nyongeza.

Jua pia wanunuzi wenzako ni akina nani. Hapa ndipo usalama na thamani huachana waziwazi. Kama nyumba nyingi za barabara ile zinanunuliwa na wawekezaji wanaozifunga wakisubiri bei ipande, au kuzipangisha kwa wageni wa siku mbili tatu, takwimu za bei zitapendeza huku barabara ikikosa watu. Familia zinazohamia na kukaa huleta mambo ambayo bei haionyeshi, kama jirani anayejua jina la mtoto wako. Na waliokuwepo kabla yenu wakifukuzwa na kodi kubwa za pango, mnapoteza macho na kumbukumbu za barabara hiyo, tena watu hao wanapoteza makazi yao. Mkihamia, hamieni kama watu wanaojiunga na mtaa uliopo tayari. Nasema hivi kwa sababu ya haki, na pia kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kuwa salama.

Hesabu ya deni ndiyo inayonipa wasiwasi mkubwa kwenye barua yako. Tuite bei ya nyumba 100. Mnatoa 20, mnakopa 80. Tuchukue mfano wa riba ya asilimia 10 kwa mwaka na mkopo wa miaka 20. Baada ya miaka 3 mtakuwa mmelipa benki karibu 28, lakini deni litakuwa limepungua kwa 4 na kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya malipo ya mwanzo huenda kwenye riba. Sasa tuseme mwaka huo wa tatu mmeshindwa kuvumilia, au kazi imehamia mji mwingine, na soko limeshuka kwa asilimia 15. Mnauza kwa 85, gharama za kuuza zinakula 5, benki inachukua karibu 76. Mkononi mnabaki na 4. Ile 20 mliyoiweka akiba kwa miaka imeyeyuka karibu yote, wala bei haikuporomoka, imeshuka kwa kiasi cha kawaida tu. Familia ileile ikiweza kukaa miaka 10, kushuka kwa mwaka wa tatu si kitu, kwa sababu haikulazimika kuuza. Kinachoangamiza mara nyingi ni kushuka kwa bei kukikutana na kulazimika kuondoka.

Ndiyo maana usalama unarudi kwenye hesabu ya fedha kwa mlango wa nyuma. Barabara mkiiona haivumiliki kwa watoto, mtauza mapema, na kuuza mapema ndiko kunakoleta hasara.

Na theluthi ile ya unafuu, ilinganishe kwa haki. Usichukue bei za matangazo, chukua bei za nyumba zilizouzwa kweli, kwa mita ya mraba, zenye hali inayofanana. Kisha ongeza ukarabati, bima (omba makadirio ya bima kabla ya kununua, maana kampuni za bima zina takwimu zao na bei yao ni ushahidi), milango na taa, na nauli kama shule nzuri iko mbali. Fikiria pia kwamba mtaa ukipanda kweli, kodi ya majengo nayo inaweza kupanda, na itadaiwa kwa fedha taslimu hata kama faida yenu bado iko kwenye makaratasi. Baada ya hesabu hiyo theluthi huweza kuwa sehemu ya kumi. Huenda bado inafaa, lakini uamuzi ufanywe juu ya namba hiyo.

Kuhusu ufa, siwezi kuusema kwa barua, ila naweza kukwambia uangalie nini. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta, juu ya kona ya mlango, mara nyingi ni plasta kusinyaa au mlango kubamizwa. Ufa unaopita kwenye tofali zenyewe, unaopanda kwa mshazari kama ngazi, mpana juu kuliko chini, au unaoonekana nje ya ukuta huohuo, unaweza kumaanisha msingi umetitia. Funga na ufungue mlango huo wa jikoni: ukikwama juu upande mmoja, fremu imepinda. Rangi mpya nayo ichunguze. Inama utazame sehemu ya chini ya kuta. Rangi iliyofura, unga mweupe kama chumvi juu kidogo ya sakafu, au harufu ya uvundo chumba kikiwa kimefungwa, ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, na rangi huuficha kwa msimu mmoja tu. Muuzaji akiwa alinunua nyumba mwaka jana na anaiuza leo, kuwa makini maradufu na yaliyo nyuma ya ukuta: nyaya, mabomba, maji taka.

Nyumba ya zamani iliyo karibu na viwanda ina mambo mawili ambayo kwa watoto wa miaka 6 na 9 siyafanyii mzaha. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilichelewa zaidi. Vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto, na hatari huwa kubwa zaidi rangi hiyo inapokwanguliwa wakati wa ukarabati. Paa na mabomba ya zamani yanaweza kuwa na asbesto, yaani madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Na udongo wa kiwanja kilichopakana na karakana, kituo cha mafuta au kiwanda cha ngozi unahitaji kupimwa kabla mtoto hajachezea hapo.

Sasa njia mlizonazo. Ningekuwa nakaa nanyi mezani, ningewashauri kwanza mpange nyumba kwenye mtaa huohuo, hata kwa miezi 6, kama inapatikana. Mtalipa kodi ambayo hairudi, kweli, na huenda nyumba hii ikachukuliwa. Lakini mtajua njia ya saa 5 usiku kwa miguu yenu wenyewe, na watoto watakuwa wameshaonja shule na majirani. Kulinganisha na kupoteza 16 kati ya 20 zenu, kodi ya nusu mwaka ni gharama ndogo. Najua dalali ataita huko ni kuchelewa. Mtaa unaoinuka kweli una nyumba zaidi ya moja.

Njia ya pili ni kununua ndogo zaidi kwenye barabara ya mpakani, ile inayogusa mtaa uliokwisha kutulia. Mtapata chumba kimoja pungufu na usingizi zaidi, na kwa sababu niliyoieleza ya wanunuzi kuvuka barabara, fedha zenu zina uwezekano mzuri wa kutangulia kukua. Njia ya tatu ni kununua hii hii sasa. Siikatai. Inawafaa kama mnaweza kukaa angalau miaka 7 bila kulazimika kuuza, kipande chenu kimepita mtihani wa saa zile nne, na baada ya malipo ya awali mnabaki na akiba ya miezi 6 ya matumizi pamoja na fedha ya ukarabati. Sharti hili la mwisho kwa sasa hamlitimizi. Asilimia 20 ikiwa ndiyo akiba yote, ufa mmoja wa msingi utawaingiza kwenye mkopo wa pili. Kwa hiyo ushauri wangu kwa nyumba hii, kwa bei hii, mwezi huu, ni kusubiri, isipokuwa muuzaji ashushe bei kiasi cha kuwaachia akiba hiyo.

Yapo mambo yanayohitaji mtu afike mwenyewe. Mhandisi wa majengo aukague ufa, msingi, paa na nyaya, na awe umemchagua wewe, si wa kutafutiwa na dalali. Mthamini anayejitegemea akupe bei inayotokana na mauzo halisi ya barabara ile. Wakili wako, tofauti na wa muuzaji, apekue kumbukumbu za ardhi: jina la mmiliki, rehani au kesi iliyopo, madeni ya kodi, ukarabati uliofanywa bila kibali, na kama kuna mpangaji mwenye haki ya kuendelea kukaa. Polisi wa eneo hilo mara nyingi wana afisa anayeshughulika na jamii. Mwombe akuambie kuhusu kipande hicho hasa, si mtaa mzima. Ukipata dalili kwamba jirani wa karibu anaendesha biashara ya dawa za kulevya, au kuna mtu ametishiwa kwa kutoa taarifa, achana na nyumba hiyo hata kama kila namba iko sawa.

Na amana msilipe bado. Mkifika hapo, mkataba useme kwa maandishi kwamba inarudi yote endapo ripoti ya mhandisi itaonyesha tatizo la msingi, au benki ikikataa mkopo, au kiwanja kikikutwa kwenye eneo la kutwaliwa. Muuzaji akikataa hata kipengele kimoja kati ya hivyo vitatu, mwache auze kwa mwingine.